Nani Ashike Kifaa

Kadi ya mtandao ndani ya seva haina habari na mipaka. Ikipewa anwani ya kumbukumbu huandika data yake pale pale, yenyewe, bila kupitia kwa prosesa, wala haiulizi eneo lile ni la nani. Kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi mmoja hilo halina neno. Balaa huanza pale mashine moja inapobeba keneli, yaani viini vya mifumo endeshi, kumi au ishirini, kila moja ikiamini kwamba kompyuta nzima ni yake na kwamba kumbukumbu yake inaanzia sifuri. Mojawapo ya keneli hizo, yaani keneli ngeni, ikiipa kadi anwani inayoijua yenyewe, kadi itakwenda kuandika kwenye anwani hiyo kwa hesabu ya mashine halisi, na huko huenda amekaa mwingine.

Kuzuia balaa hilo ni kazi ya haipavaiza, programu inayokaa chini ya keneli zote hizo na kuzigawia mashine, kila moja ikipata mashine pepe inayoiona kama kompyuta kamili. Prosesa hugawika kwa zamu, kumbukumbu hugawika kwa kurasa. Kifaa hakigawiki kirahisi hivyo. Kina rejista zake, kina hali yake ya ndani, na aliyekibuni alidhani kitatumikia bwana mmoja. Kwa hiyo hapa ndipo ufundi wa kuendesha mashine pepe unapostahili sifa zaidi: fundi hana budi kuamua, mstari kwa mstari, nani aaminiwe na kwa kiasi gani.

IBM ilianza kulishughulikia jambo hili miaka ya 1960 huko Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1972 ikatangaza VM/370. Kila mtumiaji alipata diska ndogo, ambayo kwa kweli ilikuwa kipande cha diska kubwa. Programu ya usimamizi ilipitia maagizo yaliyoelekezwa kwenye diska hiyo, ikabadilisha anwani zake zikawa za kweli, ndipo ikayaruhusu kupita. Kadi zilizotobolewa katika mashine pepe moja ziliweza kutokea kwenye kisomaji cha nyingine bila karatasi hata moja kutobolewa.

Kwenye kompyuta za leo, njia nyepesi kuliko zote ni kukiiga kifaa. QEMU, programu ya uigaji iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, hujifanya kadi ya Realtek au ya Intel, na keneli ngeni hutumia draiva yake ya kawaida bila kushuku. Wepesi huo una bei. Karibu kila rejista inapoguswa, mashine pepe husimamishwa ili mwigaji ajibu. Isitoshe, kila kifaa kinachoigwa ni msimbo mwingine unaoweza kukosewa. Mwaka 2015 ilifichuliwa kasoro iliyopewa jina la VENOM: kidhibiti cha flopi ndani ya QEMU kiliweza kufurika na kumpa mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, nafasi ya kutoroka kwenye mashine yake. Msimbo huo ulikuwamo tangu 2004, na ulikuwa hatari hata kwa mashine ambayo haikuwahi kupewa flopi.

Kikundi kilichounda haipavaiza ya Xen katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilikwenda njia nyingine. Makala yao ya 2003 ilijulikana sana, lakini kazi yao ya 2004 kuhusu usalama wa vifaa ndiyo inayogusa moyo wa jambo hili. Waliziondoa draiva ndani ya haipavaiza na kuziweka katika mashine pepe ya peke yake, ili draiva ikianguka iinuliwe tena bila kuwaangusha wote. Draiva ikakatwa vipande viwili: kimoja kwa mgeni, kingine kwa mwenye kifaa, na kati yao ukurasa wa kumbukumbu wenye foleni ya duara. Mgeni huweka maombi, upande wa pili huweka majibu, na haipavaiza hubakiwa na kazi ya kupitisha ishara kwamba kuna kitu kipya.

Ukurasa huo hupatikana kwa jedwali la ruhusa. Mgeni huandika: ukurasa huu, mashine ile, kusoma tu, au kusoma na kuandika. Ni kama mwenye shamba anayemwonyesha jirani ngwe moja ya kulima, shamba likibaki lake. Haipavaiza huhakikisha jirani havuki ngwe. Mwaka 2006 Amazon ilipozindua EC2, huduma ya kukodisha mashine pepe iliyojengwa kwa sehemu kubwa na timu iliyokuwa Cape Town, Afrika Kusini, ilisimama juu ya Xen hiyo hiyo.

Lakini ukurasa wa wawili una mtego. Mwenye kifaa husoma ombi, hulikagua, kisha hulitekeleza. Je, mgeni akilibadilisha baada ya kukaguliwa? Fundi mwangalifu hunakili ombi kwanza, akakagua nakala. Hata hivyo, mwaka 2015 iligundulika kwamba hadhari hiyo haikutosha: kompaila, ikitafuta kasi, iliweza kugeuza usomaji mmoja ulioandikwa kwenye msimbo kuwa wawili, na kati ya wa kwanza na wa pili mgeni akapata upenyo. Draiva zikarekebishwa ili kompaila ilazimike kusoma mara moja tu. Ni mabadiliko madogo ambayo mtumiaji hatayaona kamwe, nayo ndiyo yanayoonyesha ubora wa fundi.

Anayetaka kasi zaidi humkabidhi mgeni kifaa chenyewe. Hapo mlinzi ni IOMMU, sehemu ya maunzi inayokaa kati ya vifaa na kumbukumbu na kutafsiri kila anwani ambayo kadi inataka kuiandika. Linux ilipata VFIO, mfumo wake wa kukabidhi vifaa kwa njia hiyo, mwaka 2012. Kwa busara kubwa, VFIO haikabidhi kifaa kimoja kimoja ikiwa viwili vinaweza kuwasiliana bila kupita kwa mlinzi. Huvihesabu kuwa kundi moja. Kisha kuna kazi isiyosifiwa: mgeni akiondoka, kifaa kisafishwe kabla ya kupewa mwingine. Baadhi ya kadi za michoro hukataa kurudi katika hali yake ya mwanzo mpaka mashine nzima izimwe.

Sasa mambo yamegeuka. Kwenye prosesa zenye teknolojia kama SEV ya AMD na TDX ya Intel, mgeni ndiye asiyemwamini mwenyeji, yaani haipavaiza na wanaoiendesha, na kumbukumbu ya mgeni imesimbwa. Draiva za virtio, yaani za vifaa pepe ambavyo mgeni hupewa na mwenyeji, zilizoandikwa kwa miaka mingi zikiamini kila jibu kutoka chini, zinapitiwa upya ili zikague urefu na nafasi ya kila jibu. Data inayokwenda kwenye kifaa hunakiliwa kwanza hadi eneo lililo wazi kwa wote, jambo linalokula muda wa prosesa, na mafundi wa PCI-SIG, muungano unaoweka viwango vya PCI, wameandika kanuni ya kukiwezesha kifaa kujithibitisha mbele ya mgeni kabla ya kuruhusiwa kugusa kumbukumbu yake ya siri.