Furaha na Ukavu: Kauli ya Kutendea katika Habakuki

Aghalabu wahubiri wetu hutaja "ukavu wa roho", yaani majira ambayo mwumini husali asipate utamu wowote. Istilahi hiyo ina kasoro. Mswahili wa Mji wa Kale, Mombasa, amwitapo mtu mkavu wa macho, humkusudia asiyeona haya. Hamkusudii mwenye kiu. Basi anayeulalamikia ukavu wake aweza kudhaniwa kuwa anaungama ufidhuli! Neno kiu lingefaa zaidi, hasa kisiwani, ambako maji yamezunguka pande zote wala hayanyweki.

Lakini hoja yetu hasa ni furaha. Mwishoni mwa kitabu chake, nabii Habakuki ahesabu hasara: mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, zizi. (Msomaji wa Mombasa hana budi kuweka mnazi na jahazi mahali pa mtini na mzabibu.) Kisha ataja furaha. Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, hapo yatumia vitenzi furahia na shangilia, vyote viwili katika wakati ujao. Kauli hiyo ya kutendea si pambo. Afurahiye yu katika hali fulani ya moyo. Amfurahiaye mtu ameelekeza tendo lake kwa mtu huyo, hata kama moyo wenyewe haujachangamka. Kiambishi -ta- nacho chaikaza maana hiyo: ni azimio, si taarifa ya jinsi nabii ajionavyo wakati ule. Wafasiri wanaomfanya nabii kuwa mtu mchangamfu wanasoma "furahi" palipoandikwa "furahia", na mwumini mwenye kiu huondoka kwao akiwa na lawama juu ya kiu.

Mfano ulio karibu nasi ni Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai mkewe, Rosine, alifariki, na mtoto wao mchanga naye akafa. Kazi haikuachwa. Wasimulizi wa habari zake hupenda kuusifu ushujaa wake, nasi twaona ni afadhali kuitazama kazi yenyewe: kamusi yake, iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, yatokana na kusikiliza kwa subira maneno ya wenyeji wa Mvita, neno hata neno. Kamusi haitwambii kama alifurahi. Yatuonyesha alichokielekea.