Aliyelazwa na Aliyesimama: Mstari na Mpangilio katika Sanamu ya Kimathi

Watahiniwa wengi wanapotakiwa kueleza jinsi shujaa alivyosawiriwa, huorodhesha sifa: ni jasiri, ni mzalendo, ana msimamo. Hayo ni maudhui. Swali la fani ni jingine: msanii ametumia nini hata tukazisadiki sifa hizo? Makala haya yanalijibu kwa kuhakiki kazi ambayo mwanafunzi wa Buru Buru au Kayole huifikia kwa matatu moja tu: sanamu ya Dedan Kimathi, katika makutano ya barabara za Kimathi na Mama Ngina jijini Nairobi.

Tuanze na picha iliyoitangulia. Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, alipigwa picha akiwa amelazwa kwenye machela, mikono imetiwa pingu. Mstari mkuu wa picha hiyo ni wa mlalo. Anayeitazama humwona Kimathi akiwa chini yake. Kabla ya kusoma neno lolote, mpangilio umekwisha kutuambia kwamba ameshindwa.

Sanamu ya mchongaji Kevin Oduor ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe. Hapa mstari ni wima. Mwili wa shaba umeinuliwa juu ya jukwaa, na sasa mtazamaji ndiye anayeinua macho. Mikono iliyofungwa pingu imeshika silaha: bunduki kulia, jambia kushoto. Huu ni ukinzani wa makusudi, unaofaa kutajwa kwa jina lake.

Hata hivyo, mhakiki haishii kwenye kusifu. Tulinganishe na Kuniyoshi wa Japani (1797–1861), ambaye kuanzia mwaka 1827 alichora mashujaa wa hadithi ya Suikoden, picha zake zikachapwa kwa mbao zilizochongwa. Katika sanaa hiyo, ubao mmoja hubeba mistari myeusi, na mbao nyingine huongeza rangi. Mashujaa wake huikata karatasi kwa mshazari, misuli imekazwa, rangi za mavazi na chale zikigombania nafasi. Tunawakuta katikati ya pigo.

Kimathi wa shaba hapigani. Silaha mbili, moja kila upande, zinamweka katika mizani. Rangi ni moja. Sare ni ya kijeshi. Kwa maoni yangu, utulivu huo una gharama. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru, na dola iliyochelewa hivyo ilimhitaji shujaa aliyetulia. Njaa na baridi ya msitu wa Nyandarua hazionekani. Nilipowapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu pale, mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona haonekani kuchoka?"

Mwenzake alimjibu kwamba Kimathi alizikwa Kamiti katika kaburi lisilo na alama, kwa hiyo sanamu hii ndiyo alama yenyewe, na alama ya kaburi haipigani. Jibu hilo lilinifanya niutazame upya utulivu niliokuwa nimeulaumu.

Mtahiniwa anaweza kushika upande wowote kati ya hizi mbili. Asichoruhusiwa ni kusema "ni shujaa" bila kuonyesha ni mstari upi, rangi ipi na mpangilio upi uliomwambia hivyo.