Barua na Kipigo katika Rosa Mistika

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda isisomwe shuleni, kwa kuwa ilidhaniwa kuwa yafundisha uasherati. Waliodhani hivyo waliyatazama matukio, wasiutazame mpango wake. Mpango huo ukichunguzwa, itaonekana kuwa mapenzi ya ujana ni chombo tu; linaloshtakiwa ni malezi.

Mapenzi yenyewe yanaanza kwa barua. Charles anamwandikia Rosa, binti wa Ukerewe. Zakaria, baba mtu, mlevi asiyeijali nyumba yake, anaigundua barua na kumpiga mwanawe vibaya. Hapo mtungaji amekwisha kupanda mbegu ya kisa kizima. Rosa hakufundishwa kumpambanua mvulana mwenye nia njema na mwanamume mlaghai. Alifundishwa kuogopa tu. Basi anapoufikia uhuru, shuleni na halafu chuoni Morogoro, hana kipimo cha kuwapimia watu. Woga haukumlinda, bali ulimwacha mgeni wa jambo ambalo wenzake wamekwisha kulizoea. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Riwaya hii yaongeza kwamba akunjwaye kwa nguvu huvunjika.

Ustadi mkubwa umo katika kurejea kwa Charles. Mwenye barua ya kwanza ndiye anayekuja mwishoni kutaka kumwoa Rosa, na ndiye anayemkataa kwa kuwa si bikira. Kisa kinarudi kilikoanzia: aliyepigwa kwa ajili ya barua anahukumiwa na yule aliyeiandika. Jina nalo linazidisha uchungu, kwani Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki. Jina lamdai msichana usafi ambao nyumba yao haikumwonyesha njia ya kuutunza.

Upungufu haukosi. Mara kwa mara msimulizi hushika nafasi ya mhubiri, akalieleza lililokwisha kuonekana. Lakini baada ya Rosa kujiua, baba na binti wanaposimama mbele ya Mungu, mahubiri yanageuka kuwa mashtaka, na swali linamwangukia msomaji: ni nani aliyemwua Rosa? Mwanafunzi atakayejibu upesi kuwa ni Rosa mwenyewe, yampasa azirudie kurasa za mwanzo, penye barua na kipigo.