CVV Hufa, Nambari Hubaki

Fundi wa simu pale Masimba, Kayole, akitaka kuagiza skrini kutoka China, siku hizi hahitaji kadi ya benki. Analipa kwa M-Pesa, kupitia kadi pepe ya GlobalPay iliyozinduliwa na Safaricom pamoja na Visa mnamo Juni 2022. Wengi huisifu kwa usalama. Sifa hiyo ni halali, ila mara nyingi inaelekezwa pasipofaa.

Tazama inavyofanya kazi. Unabonyeza *334#, unaingia Lipa na M-Pesa, kisha GlobalPay. Unapewa nambari ya tarakimu 16 inayoanza na 4, kama Visa yoyote duniani, na tarehe ya kuisha kwake. Muuzaji aliye Shenzhen anaona Visa tu. Salio lako halioni, wala PIN yako haifiki kwenye tovuti yake. Ukifika kulipa unaomba CVV, zile tarakimu tatu ambazo kwenye kadi ya plastiki huchapishwa nyuma. Unatengenezewa mpya, na baada ya dakika 30 haifanyi kazi tena.

Hapo ndipo watu hupumua, wakidhani mlango umefungwa.

Lakini linganisha na kadi za kwingine. American Express ilipotangaza huduma yake ya Private Payments mwaka 2000, ilichokibadilisha ni nambari yenyewe: unanunua mara moja, nambari inakufa. Kampuni ya Orbiscom ya Dublin iliwauzia mabenki teknolojia ya aina hiyo, hadi Mastercard ikainunua mwaka 2009. GlobalPay imefuata njia nyingine. CVV inabadilika, nambari inakaa.

Tofauti hiyo ni kubwa. Kanuni za usalama wa kadi zinamkataza muuzaji kuhifadhi CVV baada ya malipo kuidhinishwa, lakini nambari ya kadi anaweza kuihifadhi. Kwa hiyo malipo ya kila mwezi, yale uliyoyakubali ulipojiunga na huduma ya filamu au ya kuhariri video, hukatwa bila kuulizwa CVV tena. Kijana aliyejiunga kwa mwezi wa kujaribu bure akasahau kujitoa atakatwa hata kama ile CVV ilikwisha zamani. Na pesa hizo hazitoki kwenye mkopo wa benki. Zinatoka kwenye M-Pesa ileile yenye kodi ya nyumba na hela za tokeni za stima.

Ndiyo maana naona kinga ya kweli iko kwenye menyu ambayo wengi huipita: kusimamisha kadi. Ukishalipa, isimamishe, ukitaka kununua tena, ifungue. Kama unatumia kompyuta ya saiba, kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi kadi, kataa kabla hujainuka kwenye kiti. Safaricom nayo ingetupa nambari tofauti kwa kila muuzaji, ili tovuti moja ikivuja, iharibike nambari moja tu na nyingine zibaki salama. Hilo limewezekana kwingine kwa miaka mingi, na wateja wa Kayole wanalistahili pia.

Kufuta kadi kabisa ni jambo jingine, na lisifanywe kwa haraka. Skrini ikifika imepasuka na muuzaji akakubali kurudisha pesa, kwa kawaida huzirudisha kwenye kadi ileile iliyolipa. Isimamishe tu, mzigo ufike, uukague, ndipo uamue kuifuta.