Jiwe la Mizani Lisilopimwa

Namba yenyewe ni 0.8. Ndiyo iliyoitia doa hesabu bora ya makundi ya galaksi katika muongo ule, na sijaisahau tangu Machi 2013, kikosi cha setilaiti ya Planck kilipotoa makala zake kwa mkupuo. Wengi mliikimbilia ramani ya mnururisho wa usuli, ile ya madoa ya buluu na mekundu. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye makala ya ishirini, inayohusu makundi 189 yaliyotumika kupima ulimwengu, na kabla sijamaliza ikisiri yake nilikuwa nimeshakutana na uamuzi ambao hadi leo nauona ni kosa la wazi.

Zogo lililofuata mnalikumbuka. Mnururisho wa usuli ulitoa sigma 8, yaani kipimo cha jinsi maada ilivyojikusanya, ya 0.83 hivi. Makundi, yaliyoonwa na setilaiti hiyohiyo katika anga hilohilo, yakatoa 0.77. Kama usuli ulisema kweli, basi makundi makubwa yalipaswa kuwa mengi kuliko yaliyoonekana. Watu wakauliza yamekwenda wapi. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: yamepimwa kwa jiwe gani?

Tuuangalie uamuzi hatua kwa hatua. Planck haioni tungamo la kundi. Inaona athari ya Sunyaev na Zel'dovich: fotoni za usuli zinapopenya gesi ya moto iliyojaa ndani ya kundi, chache hugongwa na elektroni na kuongezewa nishati, hivyo anga pale huonekana limefifia chini ya gigahezi 217 na limeng'aa juu ya hapo. Kinachopatikana ni mgandamizo wa gesi. Kutoka kwenye mgandamizo hadi kwenye tungamo panahitaji daraja, na daraja lao lilisimama juu ya makundi 71 yaliyotazamwa na darubini ya eksirei ya XMM-Newton. Eksirei nazo hazipimi tungamo. Zinatoa joto na msongamano wa gesi. Mpimaji huchukulia kwamba gesi imetulia na mgandamizo wake ndio unaoubeba uzito wote, kisha anapiga hesabu ya mvutano kutoka hapo.

Gesi ile haijatulia. Makundi hukua kwa kumezana, gesi huchafuka kama maji ya mlango wa bahari, na sehemu ya uzito hubebwa na misukosuko ambayo kipimo cha joto hakiioni. Kwa hiyo tungamo la eksirei hutoka pungufu. Pungufu kwa kiasi gani? Hapo kikosi kiliugeukia uigaji wa kompyuta, kikalinganisha, kikaona asilimia 20 inafaa, kikaandika 1−b = 0.8, b ikiwa ndiyo upungufu huo, na kuikaza. Kisha kikachapa tokeo kuu la sigma 8 lililounganishwa na msongamano wa maada: 0.782, na kando yake kosa la 0.010.

Hilo 0.010 ndilo linaloniuma. Ni ukingo mwembamba kuliko kimoja na nusu katika mia, juu ya namba iliyosimama kwenye 0.8 ambayo hakuna aliyeipima angani. Mnaijua hesabu hii ilivyo kali. Idadi ya makundi huporomoka kwa kasi kadiri tungamo linavyopanda, kwa hiyo ukikosea kidogo kwenye mizani unakosea sana kwenye idadi. Muuza nafaka mwenye jiwe la kilo lililomeguka anaweza kupima kutwa nzima kwa mkono uliotulia, apate jibu lilelile kila mara, na kila mfuko ukatoka dukani ukiwa pungufu. Utulivu wa mkono wake hauliponyi jiwe. Ule 0.010 ulikuwa kipimo cha utulivu wa mkono.

Na b yenyewe ilibebeshwa mizigo isiyo ya ukoo mmoja. Ndani yake mlikuwamo misukosuko ya gesi, na pia hitilafu ya usawazishaji wa chombo. Sote tunajua kwamba XMM-Newton na Chandra hazikubaliani kuhusu joto la makundi yenye moto mkali zaidi. Chandra husoma juu. Uigaji wa kompyuta unaweza kukuambia gesi inavyochafuka. Hauwezi kukuambia kigunduzi fulani kimesawazishwa vibaya. Kutoa namba kwenye uigaji na kuitumia kufunika kosa la chombo ni kumwuliza fundi cherehani kuhusu ufa wa ukuta.

Watetezi wa kikosi wananijibu kila ninapolifufua hili kwamba hakuna kilichofichwa. Ni kweli. Ikisiri ilisema wazi kwamba upungufu wa asilimia 40 hivi ungezipatanisha pande mbili, na ndani ya makala walijaribu pia kuiacha namba itembee kati ya 0.7 na 1. Nawapa heshima yao kwa hilo. Lakini sentensi iliyofuata ilitaja njia nyingine ya upatanisho: nyutrino zenye tungamo, zinazozuia maada isijikusanye. Jiwe lisilopimwa na fizikia mpya viliwekwa kwenye trei moja, kana kwamba vina haki sawa ya kuchaguliwa. Mnajua wanadharia walichagua kipi. Miezi iliyofuata tulisoma makala juu ya makala kuhusu nyutrino nzito na nyutrino tasa, nyingi zikiliegemea pengo hilo.

Wengine husema mwaka 2013 hapakuwa na jiwe bora. Hapo nakataa kabisa. Lenzi ya mvutano hupima tungamo kwa jinsi linavyopinda mwanga wa galaksi za nyuma, bila kujali kama gesi imetulia au inachemka. Agosti 2012, miezi saba kabla ya siku ya Planck, mradi wa Weighing the Giants ulikuwa umeshaweka hadharani tungamo za makundi 51 zilizopimwa kwa lenzi. Mwaka 2014 watu haohao waliziweka kando ya tungamo za Planck kwa makundi yaliyo katika orodha zote mbili, na uwiano ukatoka 0.69 hivi, si 0.8. Mwaka uliofuata mradi wa Kanada, CCCP, ukapata karibu 0.76. Mwaka huohuo wa 2015 Planck wenyewe, sasa wakiwa na makundi 439, wakatumia mawe hayo mawili pamoja na la tatu lililotokana na lenzi ya mnururisho wa usuli wenyewe, na jibu likawa linahama kila jiwe lilipobadilishwa. Hivyo ndivyo makala ya 2013 ilivyopaswa kuwa.

Chombo chenyewe sikilaumu: vigunduzi vilivyopozwa hadi sehemu ya kumi ya kelvini moja, mikanda tisa ya masafa, na orodha ya kwanza yenye vyanzo 1,227 ni kazi isiyo na dosari ya kuizungumzia.

Nilegeze kidogo nirudi kwenye hoja yangu ya siku zote. Gesi hii ya moto, ambayo kila mpimaji wa leo huichukulia kama kitu kilichokuwapo vitabuni tangu zamani, ilijulikana kwa msaada wa pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi, akaiita Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba eksirei za makundi ya galaksi hazitoki kwenye nukta moja, zimetapakaa kundi zima. Riccardo Giacconi, aliyekiongoza kikosi chake cha wanasayansi, alipata Nobeli mwaka 2002. Nimechoka kusoma historia za makundi ya galaksi zinazoanzia kwenye darubini za miaka ya tisini na kuliruka neno hilo la Kiswahili.

Sikilizeni walichofanya wanasayansi wa wakati ule baada ya kuziona eksirei hizo. Palikuwa na maelezo mawili: gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, au elektroni zenye kasi kubwa zinazozigonga fotoni za usuli. Gesi ilivutia. Hawakuufunga mjadala. Swali liliachwa wazi hadi setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliyorushwa kutoka jukwaa lilelile la San Marco Oktoba 1974, iliposoma alama ya chuma katika eksirei za kundi la Perseus, na habari ikachapishwa mwaka 1976. Chuma kilichochomwa kiasi kile hutoa mstari wake, na elektroni za maelezo ya pili hazina chuma. Ndipo wakasema ni gesi.

Mark Birkinshaw na wenzake nao walihangaika miaka mingi kukitafuta kivuli cha Sunyaev na Zel'dovich, mabadiliko yasiyofika sehemu ya elfu ya kelvini moja, huku ripoti za mapema zikipingana. Mwaka 1984, kwa darubini ya mita 40 ya Owens Valley, wakatangaza makundi matatu tu. Matatu yaliyosimama.

Na kuna Fritz Zwicky. Mwaka 1933 alilipima kundi la Coma kwa kasi ya galaksi zake, akagundua kwamba maada inayoonekana haitoshi kulishikilia. Namba yake ilizidi mno kwa sababu vipimo vya umbali vya siku zile vilikuwa vibovu. Lakini hakutosheka na mizani moja. Mwaka 1937 aliandika kwamba mvutano wa galaksi na makundi unaweza kupinda mwanga kama lenzi, na kwamba hiyo ingekuwa njia ya kuyapima. Lilikuwa wazo la miaka 76 kabla ya makala ya ishirini.

Mwaka 2024 hukumu ilitolewa. Darubini ya Ncha ya Kusini, ikiwa na makundi 1,005 yaliyopatikana kwa kivuli kilekile na kusawazishwa kwa lenzi, ilipata sigma 8 ya 0.82 hivi, inayokubaliana na mnururisho wa usuli. Wajerumani wa eROSITA, wakiwa na makundi 5,259 yaliyosawazishwa kwa lenzi, wakapata 0.88, juu hata ya usuli, wala hawakuona makundi yaliyopotea. Nikiri upande wa pili pia: usuli nao ulishuka kidogo, kwa kuwa kipimo cha ukungu wa elektroni katika njia ya mwanga kilitoka 0.089 hadi 0.054, na sigma 8 ikashuka hadi 0.81. Hilo ni sehemu ndogo ya pengo. Sehemu kubwa ilikuwa jiwe.

Euclid tayari iko angani na hesabu kubwa zaidi zinakuja, kwa hiyo naisema tena. Ile ikisiri ya 2013 ningeiandika hivi: makundi 189 yamehesabiwa vizuri, tungamo zake hatujazipima kwa lenzi, kwa hiyo sigma 8 inaweza kuwa 0.77, na inaweza kuwa ileile ya usuli. Nyutrino ningezingoja nje, mpaka mizani irudi kwa mpimaji.