Kuirudia Sauti: Black Sabbath, Obokano na Kazi ya Mhakiki wa Nyimbo

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo uhakiki wetu umelipa nafasi ndogo, nalo ni hali ya msikilizaji anayeurudia muziki alioupenda ujanani kisha akauacha. Desturi yetu ni kuichukulia kazi ya sanaa kuwa kitu kilichotulia, na msikilizaji kuwa sikio moja lisilozeeka. Lakini wimbo uliorekodiwa haubadiliki hata nukta. Abadilikaye ni msikilizaji. Kwa hiyo anayerudi baada ya miaka mingi anaweza kutufunza ni sehemu gani ya wimbo inayobeba maana, maana baadhi ya vitu alivyovipenda vitakuwa vimepukutika na vingine vitakuwa vimesimama.

Mfano nitakaoutumia ni wa karibu nami. Kanda za bendi ya Black Sabbath zilinifikia Itumbe, katika vilima vya chai vya Gusii, nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Nilizisikiliza kwa miaka kadhaa, kisha zikanitoka pamoja na mambo mengine ya ujana, bila ugomvi wowote. Zaidi ya miaka ishirini ilipita. Julai 2025 ilipotangazwa kwamba mwimbaji wa bendi hiyo, Ozzy Osbourne, amefariki, siku 17 tu baada ya onyesho lake la mwisho katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, nilizitafuta tena nyimbo zile. Nilizisikiliza kwa wiki kadhaa, kalamu mkononi.

Inafaa msomaji akumbushwe asili ya bendi hii. Vijana wanne wa Aston, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani katika Birmingham, walitoa santuri yao ya kwanza Februari 1970, na wengi huitaja kuwa chanzo cha muziki uitwao hevi metali. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akatumia nyuzi nyepesi, na kufikia santuri ya Master of Reality ya mwaka 1971 alikuwa akizilegeza nyuzi hizo hadi nusu-toni tatu chini ya kawaida katika nyimbo kadhaa. Sauti ikashuka, ikawa nzito na yenye kukwaruza. Hapa jeraha limekuwa mtindo: kile ambacho mkono ulishindwa kukifanya kimezaa kile ambacho sikio limekipenda.

Jibu la haraka kwa swali la kwa nini msikilizaji hurudi ni hamu ya ujana. Jibu hili halitoshi. Kama ningekuwa ninajisikia mwenyewe tu katika nyimbo hizi, ningelifurahia yale yale niliyoyafurahia zamani. Sivyo ilivyokuwa. Zamani Kiingereza cha mwimbaji kilinipita nusu, na pale kiliponipita nilijaza maneno yangu. Leo maneno yote nayasikia. Baadhi ni mazito: War Pigs, wimbo wa mwaka 1970, unawashutumu wakubwa wanaowapeleka wengine vitani nao wamekaa salama. Lakini hoja hiyo ingeweza kuandikwa gazetini, na maneno ya nyimbo nyingine ni ya kawaida kabisa, si mashairi ya kukesha nayo. Juu ya hayo, furaha yangu imezidi. Basi furaha hiyo haitoki kwenye maneno, kwa kuwa nilipoyaelewa hayakuongeza mengi. Wala haitoki kwenye kumbukumbu, kwa kuwa ninayoyasikia sasa sikuyasikia wakati ule. Inatoka kwenye sauti yenyewe: uzito wake, mwendo wake wa taratibu, na ule mkwaruzo ambao zamani niliudhani kelele ya kanda mbovu.

Jirani zetu Wakipsigis wametuachia ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi kwao nyimbo zilizoitwa Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika nchi ile. Wasikilizaji hawakushika Kiingereza chake. Walishika sauti, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, na wakamjibu kwa kinanda chao cha nyuzi. Mtu aweza kucheka, akasema hawakuelewa. Mimi nasema walielewa kitu halisi, ila hakikuwa maneno.

Hapo ndipo tunapofikia obokano ya Abagusii. Ni kinanda kikubwa cha nyuzi nane, chenye bakuli la mti lililowambwa ngozi, na mpigaji hukipiga ameketi. Sauti yake ni ya chini sana, nayo ina mvumo wa kukwaruza ambao mgeni huweza kuudhani ni hitilafu ya chombo. Wako watakaopenda kusema kwamba obokano ndiyo hevi metali ya Abagusii. Kauli hiyo tuikatae. Obokano haikuzaliwa viwandani, haina kikuza sauti cha umeme, na ina hadhira na shughuli zake. Linalofanana ni moja tu: katika sanaa hizi mbili mkwaruzo umetafutwa kwa makusudi, na mwenye kuuondoa ameondoa sehemu ya usemi. Sikulijua hilo kwa kusikiliza obokano, niliyoizoea kama mtu anavyoizoea mvua ya mchana. Nimelijua kwa kurudi kwenye gitaa la Iommi.

Sasa tutazame tunavyoziandika nyimbo hizi katika majarida yetu. Tunachapa maneno kwa mishororo, tunaweka tafsiri pembeni, kisha tunajadili dhamira, sitiari na nafasi ya mwanamke. Sauti ya chombo haimo. Tena Ekegusii ni lugha ya toni, na ina irabu saba, hali maandishi yake ya kawaida hutumia herufi tano za irabu na hayaonyeshi toni. Kwa hiyo wimbo ukifika kwenye ukurasa umekwisha kupoteza mara tatu: chombo, toni na baadhi ya irabu. Hatujui tena kama mwimbaji alifuata toni za usemi au alizivunja ili afuate nyuzi, na huenda hapo ndipo ufundi wake ulipo.

Chanzo cha upungufu huu ni mafunzo yetu. Wengi wetu tumelelewa na arudhi ya Kiswahili, lugha isiyo ya toni, inayopima kwa mizani na vina. Kipimo hicho ni chema mahali pake, nacho chenyewe hakikukusudiwa kuua sauti: Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, alikuwa ameshikilia kwamba shairi sharti liimbike. Sisi tumechukua hesabu ya mizani tukaacha uimbaji, kisha hesabu hiyo tukaipeleka kwa lugha zisizohesabika hivyo.

Huenda mwenzangu akapinga kwamba idara ya lugha si idara ya muziki. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama toni isingekuwa lugha. Lakini katika Ekegusii toni ni lugha. Tena wakati hautungoji. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi waliojiita Duma walitoa santuri ya hevi metali ambayo ndani yake sauti ya mwimbaji ni ukelele mtupu kwa sehemu kubwa. Mwanafunzi akituletea kazi hiyo, mbinu yetu ya kuhesabu mishororo itanyamaza. Na mzee wa obokano akiondoka, daftari la maneno yake halitampa mjukuu njia ya kuupata mvumo ule.

Napendekeza basi kwamba kila wimbo unaokusanywa na wanafunzi wetu uandikwe kwa safu tatu: maneno yenye alama za toni na irabu zote, mwendo wa sauti ya mwimbaji, na kazi ya chombo, pamoja na mahali ambapo chombo husema peke yake. Kanda yenyewe ihifadhiwe, na nakala ibaki kijijini ilikotoka. Nyimbo za Wakipsigis zilirudi kwao baada ya zaidi ya miaka 60, na muda huo ni mrefu mno. Mwisho, mkusanyaji arudi kwa wasikilizaji wale wale baada ya miaka kadhaa, awaulize ni nini wanachokisikia sasa. Majibu yao yatatuonyesha kilichosimama katika wimbo.