Ushauri Usio na Nguvu: Juu ya Mabaraza ya Jamii Katika Miji

Wako ndugu, wengine wao makada wenye nia njema, wanaotaka majiji yetu yaundiwe mabaraza ya ushauri ya jamii mbalimbali. Wanasema Arusha ni mji wa watu wa kila asili. Pale Sakina, kando ya barabara ya Namanga, Mwarusha amepakana na Mmeru, Mchaga, Mpare na Mrangi. Basi kila jamii ipewe kiti, na wazee wake waishauri Halmashauri. Fikra hii inavutia, lakini ina kosa la msingi, na yafaa lichambuliwe kabla halijageuka kuwa muundo.

Juu ya chombo chochote cha umma lazima tuulize: kina mamlaka gani, na nani atakitumia? Miaka ya 1950 Gavana Twining alituletea mabaraza mseto, viti vikigawiwa kwa rangi. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kwa sura, kila jamii iliwakilishwa. Kwa hakika wachache walipewa uzito ule ule wa mamilioni. TANU, katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, iliamua kuingia katika uchaguzi huo ili iuvunje mfumo kutoka ndani. Watu wa Geita nao walilikataa baraza mseto mwaka huo huo.

Kusikilizwa tu tunakujua pia. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Ngare Nanyuki kuwapisha walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa kuwasemea. Alisikilizwa. Kikao kikaisha bila uamuzi wa kuwarudishia ardhi yao.

Makosa mengine ni yetu wenyewe. Mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 ulifuta halmashauri, wawakilishi wa wananchi wakabaki kutoa maoni huku watumishi wakiamua. Mabaraza ya miji yalirudi mwaka 1978, halmashauri za wilaya mwaka 1984, na Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa.

Leo tatizo limejificha penye sheria, na hapo wapenzi wa mabaraza mapya hawapatazami. Sheria Na. 7 ya 1982 inakipa kijiji mkutano mkuu wa watu wazima wote, wenye kauli ya mwisho katika mambo ya kijiji, na halmashauri ya kijiji yenye uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mjini ni Sheria Na. 8. Huko kamati ya mtaa imepewa hasa kutekeleza sera za Halmashauri ya mji na kuishauri. Kwa hiyo mkulima wa kijiji cha mlimani ana kauli juu ya ardhi ya kijiji chake kuliko mwanawe aliyepanga chumba Sakina alivyo na kauli juu ya mtaro wa maji ya mvua unaopita mlangoni pake. Penye mchanganyiko mkubwa wa watu, pamebakishiwa ushauri tu! Kuongeza baraza jingine la ushauri juu ya lile lililopo ni kumpa mwenye njaa sahani ya pili tupu.

Hutajwa mfano wa miji ya Ujerumani yenye mabaraza ya wageni. Lakini wengi wa wageni hao hawana kura huko, na baraza ni kifidio cha kura waliyonyimwa. Mwananchi wa Sakina kura anayo. Kumgeuza mshauri ni kumshusha cheo.

Tena, jamii si kitu kimoja. Kiti cha kabila atakikalia nani? Atakikalia mwenye nyumba za kupangisha, mwenye gari na wakati wa vikao. Mpangaji wake wa kabila lile lile atabaki nje. Mama lishe wa Kipare na wa Kirangi, wanaosumbuliwa na ushuru mmoja na kufukuzwa barabara moja, watatenganishwa. Mpangaji ataunganishwa na anayempandishia kodi. Huu ndio ukabila wenye koti la demokrasia.

Simaanishi kwamba uwakilishi maalumu haufai. Viti maalumu vya madiwani wanawake vina kura ndani ya baraza lenyewe, na hilo ndilo linalovitofautisha na kiti cha ushauri. Sheria ya mwaka 2018 ya kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nayo ilikuwa na meno. Hata hivyo mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa uamuzi wa Serikali Kuu, ikarudi mwaka 2024.

Tudai basi kwamba mkutano wa mtaa upewe mamlaka ya kupitisha au kukataa mpango unaougusa mtaa, na Halmashauri ikikataa maoni yake ijibu kwa maandishi, kwa muda uliowekwa. Kada atakayebisha aende Sakina, aingie nyumba yoyote ya wapangaji, aulize ni lini waliitwa mkutanoni mara ya mwisho, na walijibiwa nini.